Kanda Namba 37: Wailers Walivyofika Same

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani, Same. Nilipomwomba mhariri wangu siku nne za kwenda kusikiliza kanda za rege, alicheka mpaka akavua miwani. Kanda gani tena zama hizi? Nikamwambia za Wailers. Akasema, "Bwana mdogo, Wailers wote si wamo kwenye hiyo simu yako? Unafuata nini milimani?" Swali la haki kabisa. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu lake, ingawa siku ile sikuwa nalo, na sehemu ya jibu lenyewe inanitia aibu.

Mwenye kanda alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa fundi redio. Kibanda chake cha mbao kilikuwa karibu na stendi ya Same, pale ambapo mabasi ya Arusha na Dar es Salaam husimama abiria wanyooshe miguu. Nyumbani hasa ni Vudee, juu, kwenye baridi. Mchana alitengeneza redio, jioni alirekodi. Redio kaseti mbili, waya mmoja katikati, moja inapiga na nyingine inanakili. Uliyetaka muziki ulileta kanda tupu na hela kidogo, kesho yake ukaifuata. Nataka niliseme hili mapema ili mtu asije kunisuta: Wailers hawakupata hata senti moja kutoka kwenye kibanda kile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyonayo ni ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo mjomba wangu angekuwa mteja wa mahakama. Simtetei. Ninasema tu kwamba bila watu wa namna yake, Same isingewasikia Wailers hata kidogo.

Alipofariki aliacha sanduku mbili za bati. Ndani yake mna kanda 118, santuri tano, vitabu vichache, fulana moja ya mtumba yenye picha ya Bob iliyopauka mpaka ukitazama vibaya unadhani ni mtu mwingine, na kaunta buku moja nene. Hiyo kaunta buku nitairudia.

Mjomba alikuwa na ugomvi wa kudumu na wateja wake kuhusu jina. Mtu akija akasema anataka kanda ya Bob Marley, yeye alijibu, "Unataka Wailers." Mtu akibisha, alipewa somo hapo hapo dirishani, foleni ikingoja. Somo lenyewe nalijua kwa moyo. Kwamba mwaka 1963, Trench Town, Kingston, walikuwa vijana kadhaa wanaimba pamoja: Bob Marley, Peter Tosh, Bunny Livingston ambaye baadaye aliitwa Bunny Wailer, na wenzao Junior Braithwaite, Beverley Kelso na Cherry Smith. Kwamba walianza na ska kwa Coxsone Dodd, Studio One, wakavuma Jamaika nzima huku mifuko yao ikibaki mitupu. Kwamba baadaye wakapita kwa Lee Perry, na huko wakawapata ndugu wawili, Aston Barrett wa besi na Carlton Barrett wa ngoma, na kuanzia hapo ndipo muziki ule unapokuwa vile tunavyoujua. Kwamba mwaka 1973 kampuni ya Island ya London ilitoa Catch a Fire, na mwaka huohuo Burnin', kisha Tosh na Bunny wakaondoka, jina likawa Bob Marley na Wailers. "Sasa wewe unataka Marley peke yake, besi nani akupigie?" Ndivyo alivyomalizia. Mteja alilipa na kuondoka na kanda yake ya "Bob Marley".

Walikwisha mmoja mmoja. Bob alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Carlton na Tosh waliuawa mwaka mmoja, 1987, kila mmoja nyumbani kwake Kingston. Bunny alifariki Machi 2021 na Aston Barrett Februari 2024. Kwa hiyo yanayobaki sasa ni yaliyorekodiwa, yaliyoandikwa na yaliyohifadhiwa, na ndiyo maana dunia ina watu wanaokusanya vitu hivi kwa bidii inayokaribia ibada.

Miongoni mwa hao, aliyevuma zaidi ni Roger Steffens wa Los Angeles. Alianza mwaka 1973, na mkusanyiko wake ulikuja kujaza vyumba sita vya nyumba yake: santuri, kanda, mabango, picha, beji, mahojiano. Mwaka 2005, pamoja na Leroy Jodie Pierson, alichapisha orodha kamili ya rekodi za Wailers, na mwaka 2017 akatoa kitabu kikubwa cha masimulizi ya watu waliokuwapo. Wakusanyaji wa aina hiyo wana vipimo vyao. Wanatazama lebo, mwaka, nchi iliyochapa, na namba iliyochongwa karibu na tundu la santuri. Catch a Fire ya kwanza kabisa ilikuwa na kava la umbo la kiberiti cha Zippo, linafunguka kwa bawaba juu kama kiberiti chenyewe. Zilitengenezwa nakala takriban 20,000, gharama ikawa kubwa, wakabadilisha kava. Leo mwenye lile la kiberiti anatembea kifua mbele. Na labda unakumbuka habari ya mwaka 2017, kanda kuu za maonyesho ya Wailers ya London na Paris, za kati ya 1974 na 1978, zilizookotwa kwenye chumba cha chini cha hoteli moja London. Zilikaa humo miaka 40 zikila unyevu. Zilikuwa 13, wakafanikiwa kuokoa 10 kwa kazi ya takriban mwaka mzima.

Sasa mlete mkusanyaji wa namna hiyo Vudee. Aliletwa kweli, miaka michache kabla mjomba hajafariki. Mzungu mmoja mpole, alikuwa anapita akinunua santuri za zamani, mtu wa stendi akamwelekeza. Akakaa kwenye kigoda, akazitazama santuri tano moja moja, akaziinamisha kwenye mwanga, akasoma namba. Akataka kununua mbili kwa bei ambayo mimi nilidhani amekosea sifuri. Zile kanda 118 hakuzigusa. Hata sanduku lenyewe hakuinamia. Mjomba hakuuza, na mgeni alipoondoka nilimlaumu mjomba sana, nilikuwa mwanafunzi na ada ilikuwa inanikaba. Alinijibu kitu kimoja tu: "Zile mbili kwao ziko nyingi." Nikaona mzee amechanganyikiwa. Leo naona alikuwa na hoja, na hoja hiyo inatutaka turudi nyuma kidogo kwenye historia ya reli.

Same ni mji wa reli. Wajerumani waliijenga kutoka Tanga hadi Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wakati wa vita yenyewe Waingereza wakajenga nyingine kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, wakaziunganisha. Tazama ramani: Kahe iko mwendo mfupi tu kutoka Same. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mtu wa Same alikuwa kwenye njia moja ya chuma na Mombasa na Nairobi. Na Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya kuchapa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda. Bendi zetu za dansi zilifunga safari kwenda kurekodi huko, na santuri za kigeni aghalabu zilitokea huko huko.

Halafu tarehe za mwaka 1977. Mwezi Februari, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Mwezi Juni Wailers walitoa Exodus, albamu ambayo jarida la Time lilikuja kuiita albamu ya karne mwaka 1999. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Katikati ya tarehe hizo mbili weka Kaya na Babylon by Bus za 1978, Survival ya 1979, Uprising ya 1980, kifo cha Bob 1981, na Confrontation ya 1983, iliyotoka yeye akiwa kaburini. Yaani kile kipindi ambacho Wailers walikuwa wakubwa kuliko wakati wowote, ndicho kipindi ambacho mlango wa santuri ulikuwa umefungwa mbele ya pua zetu. Ongeza vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ongeza uhaba wa fedha za kigeni. Nchi haikuwa na sabuni, nani angeagiza rege?

Redioni nako, ilikuwa Redio Tanzania peke yake, na yenyewe ilitumia muda wake mwingi kwa bendi za nyumbani. Mimi nikiwa mpenzi wa zile bendi siwezi kulalamika. Lakini kijana wa Same aliyetaka kusikia Exodus mwaka 1978 alipaswa kumtafuta mtu mwenye kanda iliyotoka kwa mtu mwenye kanda.

Hapo ndipo kaunta buku inapoanza kuzungumza. Mjomba aliandika kila kanda: namba, jina, tarehe, ametoa kwa nani, ameazima nani. Nimeisoma yote, kurasa zenye madoa ya risasi ya kuchomelea na chai. Exodus yake ilinakiliwa mwaka 1979 kutoka kwa fundi wa reli wa Tanga, ambaye aliipata kwa baharia. Rastaman Vibration ilitoka kwa mwalimu wa sekondari. Natty Dread ilitoka kwa dereva wa lori la mkonge, tena dereva huyo huyo wa Kisiwani anaonekana kwenye kurasa nyingi, mara kama mleta kanda na mara kama mdaiwa. Kuna moja ameandika tu "Taveta, usiku." Wenye umri wa kukumbuka magendo ya miaka ile watatabasamu. Milima ya Upare haikujua mpaka umefungwa. Kahawa ilikwenda, sabuni na vitenge vikarudi, na inaonekana kuna usiku mmoja ambapo pamoja na sabuni ulirudi muziki wa Jamaika.

Mtu wa Los Angeles hawezi kuwa na orodha kama hii. Hana jinsi ya kuipata. Santuri ya Exodus inakueleza nani aliitoa. Kanda ya mjomba, na majina yake yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino kimakosa (kuna moja imeandikwa "Babiloni Bai Basi", bila hata kusita), inakueleza nani aliipokea, kwa njia gani, na alimpa nani. Sauti imefifia, kweli. Ni nakala ya nakala ya nakala, na kila ngazi imeongeza mvumo wake. Lakini ukizoea, unaanza kuusikia mvumo ule kama sehemu ya historia. Kanda namba 9 ina mvumo mdogo, maana yake ilikuwa karibu na chanzo. Namba 61 inavuma kama mvua juu ya bati.

Santuri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Survival, na sababu haikuwa muziki peke yake. Ukiitazama kava utaona ni bendera tupu, bendera za nchi za Afrika, na sehemu ya jina la albamu pamewekwa mchoro wa watumwa waliopangwa ndani ya meli. Yetu imo, kijani, dhahabu, nyeusi na buluu. Mjomba alimwonyesha kila aliyeingia kibandani. Ilitoka Oktoba 1979, mwaka ambao wanajeshi wetu walikuwa wamemtimua Idi Amin mwezi Aprili, na ndani yake mna wimbo unaoitwa Zimbabwe. Kwa wasomaji waliozaliwa baadaye: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, wapiganaji wa Zimbabwe walifundishwa Mgagao, Iringa, na wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Kwa hiyo Wailers walipoimba kuhusu Zimbabwe, huku hatukuwa tukisikiliza habari za mbali.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Aprili 1980, Wailers walipiga uwanja wa Rufaro, Salisbury, mji ambao leo ni Harare, Zimbabwe ikipata uhuru. Umati uliokuwa nje ulitaka kuingia, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, moshi ukawafikia mpaka wanamuziki jukwaani, onyesho likasimama kisha likaendelea. Kesho yake wakapiga tena kwa ajili ya watu wa kawaida. Miezi mitatu kabla walikuwa wamepiga Libreville, Gabon. Hayo ndiyo maonyesho yao ya Afrika wakati wa uhai wa Bob. Tanzania hawakuwahi kupiga.

Kuhusu mwaka 1983, aliyenieleza ni mkaza mjomba, aliyebaki Vudee na sanduku zile. Ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanatupa vitu maporini na mitoni, usiku, wakiogopa kukutwa navyo. Mjomba alikuwa na kanda za nje, redio za nje, na maelezo machache. "Alizifukia chini ya mahindi darini," mkaza mjomba aliniambia. "Miezi mitatu tunakula mahindi tukiogopa yasije yakaisha." Alicheka aliposema hivyo, lakini nadhani mwaka ule hakucheka.

Kuanzia 1984 biashara ilianza kulegezwa, na baadaye ikaja enzi ya Mzee Mwinyi, enzi ya ruksa. Mitumba, redio, kanda, vyote vikaingia. Na mwezi Mei 1984 ndipo Island walipotoa Legend, mkusanyiko wa nyimbo 14 uliokuja kuwa albamu ya rege iliyouzwa zaidi duniani. Kwa hiyo Watanzania wengi walikutana na Wailers kupitia Legend, ambayo ni Wailers walionyolewa. Nyimbo za mapenzi na furaha nyingi, zile kali chache. Picha iliyoko ukutani kwa kila kinyozi kuanzia Same hadi Mbagala ni ya Bob wa Legend. Mjomba aliinakili mara nyingi kuliko kanda nyingine yoyote, hesabu ninayo, mara 83, na yeye mwenyewe hakuipenda. "Hii ndiyo inanilisha," alisema, "ile Survival ndiyo ninayokula."

Vitabu sasa. Kimo Catch a Fire cha Timothy White, kilichotoka 1983, nakala iliyosomwa mpaka jalada limetoka, na kimo cha Rita Marley cha 2004. Hivyo vinaeleweka. Ila katikati yake mna How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, toleo la Tanzania Publishing House la 1972, na viwili vya Isaria Kimambo: historia ya siasa ya Wapare ya mwaka 1969, na kile kidogo cha 1971 kuhusu mbiru. Nilidhani vimechanganywa kwa bahati mbaya. Havikuchanganywa.

Rodney alikuwa Mguyana aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alikwenda kufundisha Jamaika, na pale Kingston, badala ya kukaa na wakubwa, alikwenda kukaa na Marasta na vijana wa mitaa ya maskini, akizungumza nao historia ya Afrika. Oktoba mwaka huo serikali ya Jamaika ilimzuia kuingia nchini, wanafunzi na watu wa mitaani wakaandamana, mji ukawaka moto. Mwaka 1969 akarudi Dar es Salaam, akafundisha mpaka 1974. Aliuawa kwa bomu Georgetown, Juni 1980, mwezi uleule Uprising ilipotoka. Na katika idara ile ile ya historia Dar es Salaam, miaka ile ile, alikuwapo Profesa Kimambo, mtoto wa Upare, ambaye alikuwa amepita milima hii akiwauliza wazee, kijiji kwa kijiji, akaandika kitabu cha historia kwa kutegemea masimulizi yao, wakati ambapo wengi bado waliamini kwamba pasipo karatasi hapana historia. Yaani mtu aliyekaa na Marasta wa Kingston na mtu aliyekaa na wazee wetu walikuwa wafanyakazi wenza. Mjomba, fundi redio wa darasa la saba, aliliona hilo akaviweka kwenye sanduku moja. Mimi mwenye shahada sikuwa nimeliona.

Niseme pia kuhusu rege yetu wenyewe, maana humo sandukuni mna kanda saba za Kitanzania: Jah Kimbute, Ras Inno, Justin Kalikawe wa Bukoba aliyefariki 2003, na wengine. Leo, ukiwa na simu na vocha, Catch a Fire unaipata kwa sekunde kumi. Jaribu kumpata Kalikawe wote. Nendeni mkajaribu, mje mniambie. Hizo kanda saba kwangu ndizo zina hatari zaidi kuliko zote za Wailers, kwa sababu Wailers wanaye Steffens, wanayo makumbusho pale Hope Road Kingston tangu 1986, na waliokota kanda zao hotelini wakakuta wa kulipia matengenezo. Kalikawe ana sanduku la bati Vudee.

Haya, tufike kwenye aibu.

Kanda tupu ilikuwa ghali, kwa hiyo mjomba hakuacha nafasi. Albamu ikiisha upande A na ikabaki nafasi upande B, aliijaza kwa chochote: mahubiri, harusi, taarifa ya habari, wazee wakizungumza. Nilijua hilo kwa juujuu tu. Wiki iliyopita, nikiwa nimekaa na mkaza mjomba kwenye kiambaza nikipitia kaunta buku mstari kwa mstari, nikafika hapa: "37. Wailers, Kaya. Upande B: mama, kuhusu mbiru. Vudee, 1985."

Mama yake mjomba ni bibi yangu mzaa mama. Alifariki kabla sijazaliwa. Sijawahi kuisikia sauti yake, wala sikujua kwamba ipo. Na kuhusu mbiru, kwa asiyejua: ilikuwa kodi waliyoitunga wakoloni miaka ya 1940 kwa kukadiria mali ya kila mtu, na mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa hapa Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa. Kimambo ameiandika. Bibi yangu mwaka ule alikuwa msichana.

Nikafungua sanduku kwa mikono inayotetemeka kidogo, nikaitafuta namba 37. Nikaipata. Upande A, mwandiko wa mjomba: Wailers, Kaya. Upande B mwandiko wa mjomba umekatwa, na juu yake, kwa penseli, herufi kubwa za mtoto: BONGO FLEVA. USIGUSE. Chini yake jina langu.

Nilikuwa darasa la nne, mwaka 2007, likizo ya Desemba. Nakumbuka vizuri. Mjomba alikwenda kula, mimi nikabaki kulinda kibanda, redioni kukawa na kipindi cha nyimbo ninazozitaka, nikachukua kanda iliyokuwa karibu. Vile vitobo viwili vya juu, ambavyo mtu huvivunja ili kanda isifutwe, kimoja mjomba alikuwa amekiziba tena kwa gundi ya karatasi. Nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikajiona fundi.

Mkaza mjomba aliona uso wangu. "Alijua," akasema. "Alikuja nayo siku hiyo hiyo jioni, akaisikiliza, akairudisha. Nikamwambia mchape. Akasema mtoto hakujua." Miaka yote ile, mpaka anakufa, hakuwahi kunitajia.

Nilikuwa na kinasa kidogo nilichonunua Kariakoo kwa ajili ya kazi hii. Tukaiweka. Dakika 26 za redio ya 2007: nyimbo, mtangazaji akipiga kelele, tangazo la sabuni, sauti yangu mwenyewe nikikohoa. Kisha mkwaruzo. Kisha mwanamke mtu mzima, Kichasu, sauti nene kuliko nilivyodhani, anaendelea na jambo ambalo mwanzo wake haupo tena. Anasema juu ya chakula. Kwamba walitumwa yeye na dada yake kumpelekea baba yao chakula Same, kwamba jua la tambarare liliwachoma, kwamba walikuta watu wengi mpaka wakashindwa kumtambua baba yao kati yao. Mjomba anamuuliza baba alikuwa amekaa na nani. Bibi anaanza kutaja majina. Anataja matatu na kanda inaisha.

Zilikuwa dakika nne na sekunde kadhaa. Mkaza mjomba aliyajua majina yote matatu, na mmoja wao wajukuu wake wako pale pale kijijini. Nimeyaandika.

Nikaomba nibebe sanduku zote mbili nizipeleke Dar es Salaam, nihamishe kila kitu kwenye kompyuta kwa utulivu. Alikataa. Kwa rekodi yangu, nani angekubali? Amenipa kumi, na nikirudisha kumi atanipa kumi nyingine. Namba 37 haiondoki, hiyo niliinakili pale pale mbele yake mara mbili. Kisha akanipa kalamu na kaunta buku, nijaze kama mkopaji mwingine yeyote. Nikaandika jina langu na tarehe, chini ya mstari wa yule dereva wa Kisiwani, ambaye tangu mwaka 1988 hajarudisha Natty Dread.